Aliyelala Barazani

Siku ya arobaini na tatu ya eda yake, Bi Kidawa alisikia kikohozi kimehama.

Siku tatu kilikuwa cha mtu mmoja tu, Maftaha, binamu wa marehemu mumewe Kibwana, aliyekimbia Kikole na mtoto mgongoni akaingia Kilwa Kivinje miguu imepasuka. Kilikuwa kikohozi kikavu, kinakuja mara mbili, mara tatu, kisha kinaishia kwa mluzi kifuani. Alfajiri ile, mara tu alipomaliza kusali, Bi Kidawa alikisikia kikitoka pembe nyingine ya chumba cha wanawake, kwa sauti nyembamba. Halafu pembe ya tatu. Akabaki juu ya msala, tasbihi mkononi, midomo imesimama. Ndani ya chumba kile, katikati ya wanawake kumi na wanne waliolala kama dagaa walioanikwa, alikuwamo binti yake Siti, mwenye mimba ya miezi tisa.

Siti alikwisha zika wawili. Wa kwanza hakumaliza wiki. Wa pili alifika siku ya arobaini, akafa asubuhi ambayo watu wanaosha mchele wa sherehe ya kumtoa nje. Huyu wa tatu hata jina lake walikuwa hawathubutu kulitaja midomoni, wasije wakamwita mbele ya saa yake.

Mtu wa eda hatoki. Miezi minne na siku kumi anakaa ndani na shuka yake nyeupe, hajipaki manukato, haonwi na mwanamume asiye wa damu yake. Bi Kidawa alikaa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, kwenye dirisha dogo linalotazama uani. Siku zake alizihesabu kwa punje za mahindi: kila alfajiri alitoa punje moja kwenye kifuu hiki akaitia kwenye kifuu kile. Kazi ya mtu wa eda ni kuhesabu na kumwomba Mungu. Yeye alijiongezea ya tatu, kutazama, maana dirisha lilikuwapo na macho alikuwa nayo.

Nje kulikuwa na vita. Watu wa milimani walikuwa wameng'oa pamba ya serikali na kunywa dawa ya maji, na bunduki za Wadachi zilikuwa zimewapandia huko huko. Kila siku wakimbizi waliingia mjini na mizigo kichwani, na mji ukawameza, nyumba moja watu kumi, nyumba nyingine ishirini. Yahya, mume wa Siti, alikamatwa sokoni kwenda kubeba mizigo ya askari, na tangu siku hiyo hakuna aliyesikia habari zake. Tarumbeta ya Boma ikilia jioni, mlango uliokutwa wazi ulikuwa kosa. Kwa hiyo watu walifunga. Tena walifunga zaidi ya walivyoamrishwa, maana mji mzima ulikuwa unasema kikohozi kile ni upepo mbaya, umeshuka milimani na harufu ya damu. Madirisha yalizibwa matambara. Nyufa za milango zilisokomezwa makumbi ya nazi. Ndani wakafukiza ubani mpaka macho yakatoa machozi, wakakoholeana humo humo hadi asubuhi.

Dirisha moja tu halikuzibwa, la Bi Kidawa. Alilikataa tambara kwa sababu ya sala. Bila kuona mwanga angeijuaje alfajiri.

Jirani yake Bi Mwahija, mkunga wa mtaa ule, mwanamke mnene mwenye cheko la kuitikiwa na kuku, alikuja mchana wa kesho yake kumpasha habari.

"Shoga, umezungukwa. Nyumba ya Huseni kule wako sita wamelala. Bibi yake Huseni kafa jana magharibi."

"Nimesikia kilio." Bi Kidawa alimtazama. "Na wewe sauti yako imekuwaje?"

"Sauti yangu ina nini? Imechoka kukusengenya." Bi Mwahija akacheka, na cheko likakatika katikati, likageuka kikohozi. Mara mbili. Mara tatu.

Bi Kidawa alisogea nyuma mpaka akagusa ukuta, na Bi Mwahija akaliona hilo, na likamuuma.

Alipoondoka, Bi Kidawa alizichukua punje zake akazipanga sakafuni. Siku ya arobaini Maftaha aliingia nyumbani. Siku ya arobaini na tatu wawili waliolala ubavuni mwake usiku huo wa kwanza walianza kukohoa. Bi Mwahija alikuja kumkanda Maftaha miguu siku ya arobaini na moja, akakaa naye uso kwa uso tangu adhuhuri hadi alasiri. Leo ni ya arobaini na nne. Punje zilikuwa zinasema kitu, na alichokisikia kilimtisha kuliko bunduki.

Akamtafuta kwa macho mtu mmoja asiyekohoa. Alikuwa mzee Dadi. Dadi alikuwa mzalia, yaani mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba ile ile, naye akazaliwa humo, na hata baada ya Kibwana kumwacha huru hakuwa na pa kwenda. Chumba hakupewa, si zamani wala sasa. Alilala barazani nje ya mlango, juu ya mkeka, upepo wote wa pwani ukimpitia. Kama kikohozi kingekuwa upepo, Dadi angekuwa wa kwanza kuzikwa. Naye alikula chungu kile kile kilicholiwa na wote, akachota maji mtungi ule ule kwa kata ile ile. Kitu kimoja tu hakushiriki na wengine. Hakulala ndani, hakuvuta pumzi zao.

Bi Kidawa aliomba msamaha kwa Mungu kwa mawazo yale. Ajali imeandikwa, na yeye ni nani wa kuisoma kwa punje za mahindi? Lakini akazihesabu punje tena, na zikasema lile lile.

Jioni ile alimtoa Siti chumbani. Akamweka kwenye banda la jiko uani, kuta za fito na makuti, hewa inaingia huku inatoka kule.

"Mama, upepo," Siti alisema, ameshika tumbo.

"Naujua. Lala."

"Watu watasema umenitupa jikoni kama mjakazi."

"Waache waseme. Midomo yao ikiwa huko ndani, wewe uko huku, mimi nitalala vizuri."

Hakulala vizuri. Siku ya arobaini na sita mtoto wa Maftaha alikufa. Alikuwa na miaka miwili, juzi yake alikuwa anakimbiza kifaranga. Bi Kidawa alisikia mluzi wa kifua chake kupitia ukutani, ukawa mfupi, ukawa mfupi zaidi, kisha akamsikia Maftaha akimwita mtoto kwa jina, taratibu, kama anayemwamsha. Na asubuhi hiyo hiyo, kabla maiti haijatoka, uchungu ukamshika Siti.

Bi Mwahija alikuja mbio na kikapu chake cha ukunga, macho mekundu, mtandio umemlowa jasho la homa. Bi Kidawa alisimama kwenye mlango wa banda.

"Hapo hapo, shoga. Usisogee."

"Nini?"

"Unakohoa. Hutaingia."

Bi Mwahija alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kidawa. Siti mwenyewe nilimtoa tumboni mwako kwa mikono hii."

"Najua. Sina ninachokidai kwako. Nakuomba tu usiingie."

"Na nani atamzalisha? Wewe? Wewe ukiona kuku anataga unazimia."

"Mimi. Na wewe utaniambia."

Bi Mwahija alisimama jua linampiga. Ilikuwa rahisi kwake kugeuka na kwenda zake, na mtaa mzima ungemwona ana haki. Badala yake alikivuta kinu kilichokuwa kando ya ukuta wa mbali, hatua kama kumi na tano, akakipindua, akakikalia, akajifunga mtandio mdomoni.

"Haya. Watu wengine wanakunywa maji wageuze risasi, wewe unanikalisha juu ya kinu ugeuze pumzi. Nawa mikono mpaka viwiko. Umenawa?"

"Nimenawa."

"Mwongo, sikusikia maji. Nawa."

Hivyo ndivyo mtoto yule alivyozaliwa, mkunga anapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua na bibi mtu anatii huku meno yanagongana. Mara tatu Bi Mwahija alikatizwa na kikohozi katikati ya maneno, na mara zote tatu Bi Kidawa alibaki ameshika, hajui linalofuata, anamsikia binti yake anavuma kama ng'ombe na kule kinuni hakuna sauti ila kifua kinachopasuka. Adhuhuri ilipoadhiniwa msikitini mtoto alitoka. Wa kiume, mdogo, wa buluu. Hakulia.

"Mpanguse mdomo," Bi Mwahija aliita. "Kwa kidole. Sasa mgeuze. Mpige mgongo. Kwa nguvu, Kidawa, humpaki samli."

Mtoto akalia. Bi Mwahija kule aliko akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika, hakuna aliyejua kama anacheka au anakohoa.

Hofu kubwa zaidi ilikuwa bado iko njiani.

Ilikuja kwa miguu yake, baada ya adhuhuri, na Bi Kidawa aliijua kabla haijapiga hodi. Aliisikia kichochoroni. Kikohozi kikavu, mara mbili, mara tatu. Kisha sauti ya kaka yake, Mwalimu Fakihi, ikitoa salamu.

Hakuna mtu aliyempenda zaidi duniani, sasa Kibwana akiwa kaburini. Mwalimu Fakihi ndiye aliyemfundisha kusoma akiwa mtoto wa miaka saba. Tangu maradhi yaingie hakupumzika. Aliitwa nyumba hii na ile, akiinama juu ya wagonjwa, akiwasomea na kuwapulizia vifuani, kisha akiwapulizia na wazima waliokaa kando ili baraka iwafikie. Sasa alikuja kumwadhinia mtoto sikioni, maana baba yake hayupo, na alikuja na tende moja ndani ya kitambaa safi. Ataitafuna ilainike, kisha atampaka mtoto kaakaani kwa kidole, kama walivyopakwa watoto wote wa ukoo ule, Siti mwenyewe miongoni mwao. Nyuma yake waliingia majirani, wanaume kwa wanawake, wakajaa uani. Bi Kidawa akajivutia shuka mpaka puani, akabaki macho tu.

"Alhamdulillahi," alisema Mwalimu. "Niletee mjukuu wangu, Kidawa."

Bi Kidawa hakuondoka mlangoni. Alijua analotaka kulisema, akajua pia linavyosikika. Mtu atasema amezuia adhana. Mtu atasema amekataa baraka ya Kurani kwenye kinywa cha aliyehifadhi. Moyoni aliuliza, Mola wangu, kama hii ni kufuru nionyeshe sasa, kabla sijafungua mdomo. Hakuonyeshwa kitu. Alisikia tu mtoto akinyonya nyuma yake.

"Kaka, usiingie."

Mwalimu Fakihi, aliyekwisha kuinua mguu, alisimama.

"Unanizuia mimi?"

"Nakuzuia, kaka. Unakohoa."

"Eda imempanda kichwani," alisema mtu nyuma, na wengine wakaguna.

Mwalimu Fakihi hakukasirika, na hilo lilimwumiza zaidi. Alizungumza kwa upole, kama anavyozungumza na mtoto aliyekosea aya. "Dada yangu. Maradhi hutoka kwa Mungu. Na ninalolibeba mdomoni ni maneno yake. Maneno yake yatamdhuru mtoto?"

"Maneno hayamdhuru. Siogopi maneno." Sauti yake ilikuwa nyembamba mpaka mwenyewe hakuitambua. "Nikuulize, kaka, unijibu tu. Kwa Huseni ulikwenda kusoma lini?"

"Ijumaa."

"Bibi yake alikuwa mgonjwa. Huseni na watoto?"

"Walikuwa wazima. Niliwasomea wote."

"Umetoka kwa bibi, ukawapulizia wao. Wakaanza kukohoa siku gani?"

Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu, mfungo na mwezi wote mtaa ule aliuhesabu yeye. "Jumatatu," akasema.

"Na madrasa? Watoto wanaokaa mbele, wanaokurudishia aya uso kwa uso?"

Bi Kidawa aliona midomo ya kaka yake inahesabu, kimya, siku na majina, majina na siku. Akaona mahali hesabu ilipofika. Alitamani aikimbilie hesabu hiyo airudishe. Uso wa kaka yake ulizeeka pale pale, mbele ya watu, na mkono uliobeba kitambaa cha tende ukashuka.

"Yule mdogo wa Huseni," alisema polepole, "nilimpakata."

"Hukujua, kaka."

"Nilimpakata nikamsomea mpaka akalala."

Mtu mmoja karibu naye alisogea hatua nyuma, halafu mwingine, na uani pakawa na duara tupu, Mwalimu Fakihi katikati yake. Alirudi mwenyewe mpaka ukuta wa mbali, kando ya kinu alichokalia Bi Mwahija, akatia tende mfukoni.

"Mtoto lazima aadhiniwe," alisema. "Hilo siliachi. Nani hapa hajakohoa, na hajalala na anayekohoa?"

Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani mwake. Macho ya Bi Kidawa yalipita juu ya vichwa vyao mpaka kwenye kipito cha barazani, ambako mzee Dadi alisimama na kikapu cha kuni, hajui kama anaruhusiwa kuingia.

"Dadi," aliita.

Dadi akatua kuni. "Labeka, Bibi."

"Kanawe. Uje umwadhinie mtoto."

Minong'ono ikapita kama moto wa nyasi. Dadi mwenyewe alirudi nyuma. "Bibi, usinifanyie hivyo. Mimi mzalia wa nyumba. Watasema mtoto wa Yahya, mjukuu wa Kibwana, kaadhiniwa na mtumwa. Litamfuata mpaka uzeeni."

"Kwanza aufikie huo uzee," alisema Bi Mwahija kutoka kinuni.

Mwalimu Fakihi aliinua kichwa. "Dadi. Wa kwanza kuwaadhinia Waislamu alikuwa nani?"

"Sayidina Bilali."

"Alikuwa nani kabla ya hapo?"

Dadi alikwenda mtungini, akatawadha taratibu sana, kama mtu anayetumaini maji hayatakwisha. Akapita katikati ya watu, wakampisha. Mlangoni Bi Kidawa alimsikiliza kifua kwanza, bila haya, sikio limeelekezwa kwake. Pumzi ilikuwa inatoka na kuingia bila mluzi. Akampisha.

Maneno aliyasema kwa sauti ya chini, ya kutetemeka, akasahau moja, na Mwalimu kutoka ukutani akamkumbusha. Mtoto hakupakwa tende. Bi Kidawa alisema itakuja baadaye, Mungu akipenda. Kisha Mwalimu Fakihi akawaambia watu wote waende makwao wafungue madirisha, yeye anakwenda kujifungia, chakula kiwekwe kizingitini na asiingie mtu. Aliondoka akishika ukuta. Dada yake hakumgusa mkono.

Siku mbili zilipita. Ya tatu, wakati wa dhuha, Bi Kidawa alikuwa amempakata mjukuu akasikia koo lake linawasha.

Alitulia kabisa. Akameza mate. Likawasha tena. Alimlaza mtoto kifuani kwa mama yake bila kupumua, akatoka banda lile bila kupumua, akavuka ua wote mpaka ukuta wa mbali, na huko ndiko alikoachia. Mara mbili. Mara tatu.

"Mama?" Siti aliita.

"Kaa huko huko. Usitoke."

Alitandika mkeka pale pale ukutani, shuka imemzunguka, Dadi akamwekea kivuli cha makuti. Uji wa Siti aliupeleka Dadi. Mafunzo Siti aliyapata kwa kupigiwa kelele na mama yake kutoka mkekani, mfunge kitovu hivi, mgeuzie ubavu wa kulia. Homa ilipompanda Bi Kidawa hakuogopa kufa. Aliogopa hesabu. Alijua mtu hukohoa siku ya tatu, lakini hakujua huanza kuwamwagia wengine maradhi siku gani. Asubuhi ile kabla koo halijawasha, je? Jana yake, alipombusu mtoto utosini? Alilala sikio likielekea bandani, na kila mtoto alipolia aliichambua sauti ile kama mchele, akitafuta mluzi. Habari za kaka yake zililetwa na Dadi: bado yu hai, anasikika akisoma nyuma ya mlango, sauti haitoki vizuri.

Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu alilala macho wazi mchana kutwa. Mtoto alipiga chafya moja, na Bi Kidawa akauma shuka yake mpaka alasiri, lakini chafya ya pili haikuja. Ya nne. Ya tano. Mtoto alilia kwa njaa, kwa hasira, kwa sauti kavu na safi kama ya kinda.

Asubuhi ya sita Siti alitokea mlangoni mwa banda, amekonda, mtoto mikononi, amemfunua uso.

"Mama, mtazame. Kanenepa mashavu. Huji?"

Bi Kidawa alijiinua kwa kiwiko. Kikohozi kilikuwa kimepungua, ila hakijaisha. Kati yao kulikuwa na hatua kumi na tano za mchanga uliofagiliwa. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, mkono umeziba mdomo.

"Kesho kutwa," alisema. "Mrudishe kivulini. Mwambie bibi yake kamwona."